Muhuri wa Kumi

Alhamisi ile Samiha alitoka kwao Jomvu Kuu na vitu vitatu ndani ya mkoba: kadi ya duka la vitabu yenye mihuri tisa, kofia iliyofungwa ndani ya kitambaa cheupe, na neno moja la mamake ambalo alishindwa kuliacha nyumbani.

Neno lenyewe lilitoka wakati wa chai. Bi Mastura alikuwa akimkumbusha kwa mara ya nne kwamba kesho, baada ya sala ya Ijumaa, watu wa Ismail wangekuja kupokea jibu la posa yao. Ismail alikuwa wakala wa kutoa mizigo pale bandarini Kipevu. Ana gari, hakosi msikitini, na wazee huwaamkia kwa mikono miwili. Samiha hakuwa na la kumlaumu. Tatizo lake lilikuwa dogo sana kuelezeka kwa mzazi: Ismail akicheka, moyo wa Samiha haukumtuma kumtazama tena.

"Na huyo wa vitabu," Bi Mastura alisema, akimimina chai bila kuinua macho, "mwaka wa tatu huu wenda kwake, na hajatuma hata paka kuja kubisha hodi hapa. Muuza duka humchekea kila aingiaye, mwanangu. Ndiyo kazi alipiwayo. Wewe kwake u mteja."

"Abee, mama," Samiha alijibu, akaendelea kushona.

Hakuwa mtu wa kujibizana. Aliacha shule baada ya darasa la nane, babake alipofariki, akakalia jamvi na kushika sindano. Tangu siku hiyo kazi yake ikawa kofia za mkono, zile za vitundu vidogo vidogo, ambavyo kila kimoja hufungwa uzi pembeni mpaka kikaze. Kofia moja ilimchukua mwezi na siku zake. Mwenye kazi hiyo hujifunza kungoja, na hujifunza kutazama. Lakini neno lile, mteja, lilimchoma kama sindano inayopita chini ya ukucha, akatoboa kitundu mahali pasipo pake.

Basi akajiwekea shauri lake peke yake. Angekwenda Changamwe leo hii kununua kitabu cha kumi. Luqman, yule muuza vitabu, angepiga muhuri wa mwisho kwenye kadi, na yeye angemtazama usoni wakati wa kuupiga. Kama hangesema lolote zaidi ya "karibu tena", basi mamake ndiye msema kweli, na kesho angewaitikia watu wa Ismail.

Duka lenyewe liliitwa Sahifa. Lilikuwa na matawi kumi na tisa nchi nzima, yote yamepakwa rangi ya machungwa, yote yana mlango wa kioo unaojifungua. Kila ununuapo kitabu ulipigiwa muhuri kwenye kadi, na nyuma ya kadi paliandikwa: "Muhuri wa kumi ukipigwa, mwenye kadi achague mwenyewe." Yaani kitabu chochote, bure. Kadi hii ilikuwa ya nne kwa Samiha. Kwa hesabu ya Kache, keshia wa pale, hapakuwa na mtu mwingine Changamwe aliyewahi kumaliza hata ya kwanza.

Kwa nini alikuwa akienda, hilo hakumwambia mtu. Luqman alikuwa kijana mwembamba wa Mtongwe, mwenye sauti ya chini. Shule zikifungua, duka liliwavalisha watoto vitabu vyao nailoni kwa malipo. Samiha alivalishiwa riwaya zake bila kulipa. Luqman aliinama juu ya kaunta, akakata nailoni, akakunja pembe zake kwa utaratibu, moja, ya pili, kama anayefunga sambusa. Kazi hiyo ilichukua dakika kumi. Dakika zote kumi Samiha alisimama akitazama utosi wake, mahali nywele zilipojizungusha kama kimbunga kidogo, na mara moja moja Luqman aliinua macho kabla yeye hajayaondoa yake. Hapo wote wawili walianza kuongea juu ya mvua.

*

Mlango wa kioo ulijifungua, na Samiha akadhani ameingia duka silo.

Mbele, mahali palipokuwa na rafu ya riwaya iliyokuwa ikipungua mwezi hadi mwezi, sasa palikuwa na vikombe vyenye maandishi, miavuli, chupa za maji na dubu wa manyoya mwenye urefu wa mtoto wa miaka sita. Riwaya hazikuonekana. Alizunguka nyuma ya miavuli, akazunguka nyuma ya dubu, akaona vitabu vya mitihani tu, kisha vitabu vya mitihani tena.

Kache alimwita kwa kidole kutoka kwenye mashine yake. Alikuwa mwanamke wa Kaloleni, mnene wa kicheko, ambaye kwa kawaida habari zake zilisikika mpaka barabarani. Leo alinong'ona. Alimweleza Samiha kwamba kuna mkubwa amekuja kutoka makao makuu Nairobi, anaitwa Bramwel, tangu asubuhi anapekua duka na kompyuta yake ya mkononi, na kwamba Luqman yuko stoo akihamisha makatoni. Akamshauri anunue haraka aondoke.

Samiha alitoa kadi yake akaiweka juu ya kaunta. Kabla Kache hajaigusa, Bramwel mwenyewe alitokea nyuma ya dubu, tai imemkaa vizuri, tabasamu limemkaa vizuri pia. Aliichukua kadi, akaigeuza, akasikitika. Akamweleza kwa upole kwamba kadi za mihuri zimekufa tangu tarehe mosi. Sasa mteja huweka programu ya Sahifa kwenye simu yake, anajiandikisha kwa barua pepe, halafu anaanza kukusanya pointi upya.

Samiha alimwuliza mihuri yake tisa itakwenda wapi. Bramwel akasema, kwa bahati mbaya, mihuri haihamishiki. Samiha akamwuliza riwaya za Kiswahili zimekwenda wapi. Bramwel akafurahi kuulizwa hilo, kwa sababu hilo alikuwa na jibu lake: zote zinapatikana mtandaoni, kwa nusu bei, na hazichukui nafasi nyumbani.

Alikuwa na adabu sana. Laiti angekuwa mkali, pengine Samiha angeondoka. Adabu ile ndiyo iliyompandisha hasira.

"Kaka yangu," alisema polepole, "miaka mitatu nimekuja hapa. Jua nimekuja, mvua nimekuja. Siku maji yalipojaa barabarani nilivua viatu nikaja. Duka likawa halina watu, mimi nikaja. Leo waniambia nianze upya na simu. Hiyo simu yenu yajua nini juu ya mvua niliyonyeshewa?"

Bramwel aliigeuza kadi tena. Kache alianza kupanga noti ambazo zilikuwa zimepangika tayari.

Wakati huo mlango wa stoo ulifunguka, akatoka Luqman akibeba katoni refu, vumbi limemjaa nyusi. Alimwona Samiha kwanza, kisha akaiona kadi mkononi mwa mkubwa wake, kisha akaelewa. Akaweka katoni chini kwa haraka.

"Bosi, tafadhali," alisema. "Huyu ni mteja wetu mwaminifu sana."

Alikusudia wema, masikini. Hakujua kwamba kati ya maneno yote ya Kiswahili, lile ndilo lililokuwa likingojewa.

"Mteja," Samiha alisema, kama aliyeonja mchuzi akakuta umechacha.

Luqman akamtazama, naye Samiha hakuyaondoa macho yake safari hii. Yalikuwa macho makavu, na Luqman, aliyezoea kuyaona yakikimbilia kwenye mvua, aliingiwa na hofu bila kujua kosa lake ni lipi.

Samiha akasema basi, mteja amekuja kuchukua oda yake. Aliagiza sehemu ya pili ya riwaya aliyoinunua mwezi uliopita, ya daktari wa Tanga, akaambiwa itafika wiki hii. Kama ipo, aletewe. Kama haipo, aende zake.

Luqman alimwangalia Bramwel. Akamwangalia Kache, na Kache akatazama dari. Kisha akainama chini ya kaunta, akatoa kitabu kilichokwisha kuvalishwa nailoni, pembe zake nne zimekunjwa kama sambusa.

"Hiki," Bramwel alisema, akikinyakua kwa furaha, "tukipige tu hapa, dada, tumalize." Akakipitisha kwenye mashine. Mashine ikalia mlio mmoja mbaya. Akakipitisha tena, ikalia tena. Akatazama kioo cha kompyuta, akakunja uso. Kitabu hakimo. Wala mwandishi wake hamo. Sahifa iliacha kuagiza hadithi za Kiswahili mwaka jana, kitu kama miezi kumi na minne sasa.

Samiha alihesabu kimoyomoyo. Ndani ya miezi hiyo kumi na minne alikuwa amenunua riwaya kumi na tano.

"Hicho hakisomeki hivyo, bosi," Kache alisema, maana kunyamaza kulikuwa kumemshinda. "Hicho hupigwa kwa namba ya ramani."

"Ramani gani?"

"Ramani ya ukutani. Ya Kenya. Bei yake na ya hadithi ni sawasawa."

Mlango wa kioo ukajifungua bila mtu kuingia. Bramwel alikaa juu ya lile katoni alilolileta Luqman. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo. Akasema tawi la Changamwe linaongoza nchi nzima kwa kuuza ramani za ukutani. Matawi mengine kumi na nane hayajauza hata moja tangu mwaka jana. Kila Changamwe inapouza mbili, kompyuta ya makao makuu huleta katoni jipya bila kuulizwa. Yeye ametumwa kutoka Nairobi, kwa gharama za kampuni, kuja kujifunza siri ya watu wa Changamwe na ramani, akawafundishe wengine.

"Umezikalia, bosi," Kache alimwambia taratibu. "Na stoo mna makatoni mengine tisa. Choo chenyewe twaingia kwa ubavu."

Ndipo Luqman akalazimika kusema. Alisema akiwa ameinamia kaunta, kama anayekunja nailoni, ingawa mikononi hakuwa na kitu. Makao makuu yalipokata hadithi, yeye alimwomba rafiki yake wa ofisi ya mabasi awe anamnunulia huko Tanga, kitabu kimoja kimoja. Alilipa kutoka mfukoni mwake, akaviweka chini ya kaunta. Mwenye oda akija, pesa ziliingia kwenye mashine ya duka kama kawaida, shilingi haikupotea. Ila mashine ilitaka jina la kitu kilichouzwa, na hapakuwa na kitu kingine cha bei hiyo.

"Yaani umelinunulia duka vitabu," Bramwel alisema, "kisha ukavigeuza ramani."

"Ndiyo, bosi."

"Hukuweza kumwambia dada huyu tu kwamba hatuuzi tena?"

Luqman alipangusa vumbi juu ya kaunta kwa kiganja. Masikio yake yalikuwa yamepata joto. Samiha, ambaye aliyajua masikio yale kwa miaka mitatu, aliona wekundu ukipanda taratibu kutoka chini.

"Angeacha kuja," alisema.

Maneno mawili tu. Samiha alishika ukingo wa kaunta kwa vidole vyote kumi.

Angeweza kunyamaza hapo, na ingetosha. Lakini kitu kilimsuta. Mtu amegeuza duka zima kuwa ghala la ramani kwa ajili yake, na yeye amesimama mbele yake na siri yake mkobani.

"Luqman," aliita, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake bila kutanguliza kaka. "Hicho kitabu nimeshakisoma."

"Hakijatoka hapa chini."

"Nimekisoma kwenye simu."

Luqman alimtazama kama mtu aliyeambiwa nyumba yake imehama. Samiha akajieleza, maneno yakimtoka kwa foleni. Kofia hushonwa kwa mikono miwili. Kitabu cha karatasi ukikiweka mbele yako kinajifunga, ukikikandamiza kwa goti unaharibu mstari. Simu yeye huiegemeza kwenye kopo la uzi, akaipangusa kwa kifundo cha kidole, akasoma huku anashona. Alianza Ramadhani ya mwaka jana, kwa kitabu kimoja, kujaribu tu. Kisha vyote.

"Vyote?"

"Vyote. Daktari anaoa yule nesi, kama wataka kujua."

"Na hivi vya kwangu?" Sauti ya Luqman ilikuwa na jeraha la kweli, jeraha la mtu aliyesimama kwenye ofisi ya mabasi juani akingoja kifurushi. "Hivi nilivyovivalisha mimi?"

"Vimo kabatini. Na nailoni zake. Tangu hapo sijakifungua hata kimoja nisije nikaharibu pembe."

"Sasa Samiha, ulikuwa ukija hapa kununua nini?"

Aliuliza kwa uchungu, bila hila yoyote. Kisha swali likawageukia wenyewe, likasimama pale kati yao, na kila mmoja akalisikia upya. Macho yao yakakutana. Hapakuwa na mvua ya kuongelea, nje jua lilikuwa likiwaka.

"Mjibu, mwenzangu," Kache alisema. "Mimi niko kazini, lakini nasikiliza."

Samiha alitia mkono mkobani, akatoa kile kitambaa cheupe, akakikunjua juu ya kaunta. Kofia ilikuwa nyeupe yote, uzi wake rangi ya maziwa, na vitundu vyake vilipangwa katika pembetatu ndogo ndogo zinazozunguka kichwa kizima. Luqman aliishika kwa ncha za vidole. Akazitazama zile pembe. Alizijua. Alikuwa akizikunja kila mwezi.

"Ivae," Samiha alisema.

Akaivaa. Ikakaa juu ya kichwa chake bila kubana, bila kuning'inia, kama iliyozaliwa pale.

"Nani alikupa kipimo?"

"Dakika kumi kila mwezi," Samiha alijibu, "wewe umeinama, mimi nimesimama."

Luqman alicheka. Samiha alitazama, akatazama tena, na hata hapo hakutosheka. Ndipo alipojua kwamba asubuhi ile alikuwa amejipa mtihani ambao jibu lake alikuwa nalo zamani.

Lakini hapakuwa na nafasi ya kukaa ndani ya kicheko hicho. Alimweleza Luqman habari yote, kwa sauti ya chini na bila kuongeza: watu wa Ismail, sala ya Ijumaa, jibu, na mamake kusema kwamba mlango wa Jomvu Kuu haujawahi kubishwa na mtu wa vitabu. Kicheko kikamkauka Luqman. Akasema alikuwa akingoja. Duka lilikuwa linakufa mbele ya macho yake, kila mwezi akitarajia kuachishwa, akaona aibu kupeleka posa ya mtu ambaye kesho hana kazi. Alingoja mambo yatulie.

"Mambo hayatulii," Samiha alisema. "Mimi kofia nimemaliza."

Luqman alimgeukia mkubwa wake. "Bosi, kunifukuza utanifukuza, ni haki yako. Ila naomba ruhusa ya leo."

Bramwel alikuwa bado amekalia katoni. Wakati wao wakizungumza, Kache alikuwa amemwekea mapajani daftari la oda, lile la karatasi, ambalo halikuingia kwenye kompyuta yoyote. Alikuwa akilipekua. Yalikuwamo majina zaidi ya sitini ya watu waliouliza hadithi wakaambiwa hazipo: wauguzi, madereva wa malori wanaolala foleni za bandari, fundi cherehani mmoja aliyeandika jina lake mara saba. Bramwel aliuliza, pasipo kumlenga mtu, kwa nini makao makuu hawajawahi kuyaona majina haya. Kache akajibu kwamba makao makuu huuliza kompyuta, na kompyuta haikuwahi kusimama kaunta.

Mwishowe Bramwel akainuka, akajipangusa. Alisema Luqman atapata barua ya onyo, hilo haliepukiki, na ataipata kesho. Akasema pia dubu ahamishwe pale mbele, na rafu moja irudishwe, moja tu, mpaka Desemba, waone. Kisha akasema, kwa uso wa mtu aliyechoka, kwamba yeyote anayetoka leo kwa shughuli zake binafsi lazima aondoke na ramani.

Kache aliuchomoa muhuri kutoka droo ya chini, akaupulizia pumzi kuulainisha, akamkabidhi Luqman. Samiha akasogeza kadi. Luqman aliitazama ile nafasi ya kumi iliyo tupu, lakini hakuipiga.

"Niachie hii kadi," alisema. "Wende nyumbani."

*

Bi Mastura alisikiliza habari yote akiwa amekaa kizingitini akichambua mchele. Ilipofika kwenye ramani, ungo ulianza kutikisika. Ilipofika kwenye choo cha kuingia kwa ubavu, Bi Mastura akauweka ungo chini akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso. Lakini alipomaliza kucheka alirudi kuwa mama.

"Maneno ya dukani ni ya dukani, Samiha. Mazuri, yamenifurahisha. Ila mimi mlango niujuao ni huu hapa nilioukalia. Asipobisha leo, kesho nina wageni."

Samiha alikalia jamvi, akashika kofia nyingine ya watu, akaegemeza simu kwenye kopo la uzi. Alisoma ukurasa mmoja mara tisa. Adhuhuri ikapita. Akafikiria Changamwe mpaka Likoni, kivuko na foleni yake, Likoni mpaka Mtongwe, kisha safari hiyo yote kurudi nyuma na wazee ambao mpaka waoge, mpaka watafute fimbo. Alasiri ikaadhiniwa. Watu wakaingia msikitini, wakatoka. Bi Mastura alipita mara mbili mbele yake, na mara ya pili alimgusa bega.

Kisha hodi ikabishwa.

Walikuwa wazee wawili, kanzu zao zina mikunjo ya safari. Aliyetangulia alijitambulisha kuwa Mzee Boga wa Mtongwe, ami yake Luqman, na kwapani alibana kitu kirefu kilichoviringishwa kama jamvi. Samiha alikimbilia ndani, akasimama nyuma ya pazia, mahali ambapo mtu mwenye subira anaweza kuona ukumbi mzima kupitia upenyo mmoja. Kutoka dirisha la pili aliweza kuona pia kona ya msikiti, na pale konani alisimama kijana mwembamba mwenye kofia nyeupe, akijifanya kusoma tangazo la ukutani.

Wazee walikaribishwa, wakapewa maji, wakaulizana habari za Mtongwe na Jomvu Kuu kwa urefu unaostahili. Kisha Mzee Boga akatoa kitambaa, na ndani ya kitambaa barua, akamkabidhi Bi Mastura kwa mikono miwili.

Barua ilikuwa imevalishwa nailoni.

Bi Mastura aliigeuza. Akapitisha kidole kwenye pembe moja, kisha nyingine. Lile kabati la bintiye alikuwa amelifungua mara nyingi kupangusa vumbi, na kila mara alishangaa ni nani mwenye mkono mzuri hivi. Aliifungua taratibu sana, asiharibu mkunjo, na ndani, juu ya maneno ya posa yaliyoandikwa kwa wino mweusi, ikaanguka kadi ndogo ya rangi ya machungwa.

"Na hii?" aliuliza.

Mzee Boga alikiri kwamba hata yeye haielewi. Kijana amemwapia kwamba bintiye Bi Mastura anaielewa, na kwamba asipoelewa yeye basi hakuna haja ya barua.

Bi Mastura aliisogeza mbali kidogo na macho yake. Akahesabu mihuri kwa kidole. Ilikuwa kumi, wa mwisho bado una unyevu. Akaigeuza nyuma, akasoma kwa sauti, neno baada ya neno, akielekeza uso wake kwenye pazia.

"Mwenye kadi achague mwenyewe."

Pazia likatikisika.

"Samiha."

"Abee, mama."

"Umesikia ilivyoandikwa?"

"Nimesikia."

"Haya, umechagua?"

Sauti iliyotoka nyuma ya pazia ilikuwa nyembamba, lakini ilifika. "Nilichagua zamani, mama."

Bi Mastura aliirudisha kadi ndani ya barua, akaikunja kama alivyoikuta. Akasema watu wa Ismail nao ni watu wa heshima, kesho atawapa jibu la heshima na chakula kizuri, waende wakiwa hawana kinyongo. Kisha akamwuliza Mzee Boga, kwa udadisi wa kweli, hicho alichokibana kwapani ni jamvi au ni kitu gani.

Mzee Boga akaonekana kuona haya. Akasema ameambiwa akilete na asiulize, na kwamba huko kilikotoka viko vingi.

Wakaikunjua ramani ya Kenya sakafuni, wakazishika pembe kwa magoti na kwa bilauri za maji. Ilikuwa kubwa, ikafika mpaka mlangoni. Bi Mastura alipiga magoti juu ya pwani, akaipata Mombasa, akasogeza uso karibu, akasogeza kidole kushoto na kulia.

"Mtongwe iko wapi hapa?"

Mzee Boga aliinama naye, na mwenzake akainama, vichwa vitatu juu ya nukta moja. Wakatafuta kwa muda. Haikuwemo. Walioichora waliona ni padogo mno.

Bi Mastura akainuka, akajipangusa magoti, akajitanda leso yake vizuri.

"Basi itabidi twende wenyewe tukaione," alisema. "Na yule mtoto aliyesimama juani mwambieni aingie, lile tangazo halina maneno mengi kiasi hicho."